MREJESHO: Sanduku la mchanga la watoto, kifuniko kinachogeuka benchi

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza namna ya kuzuia egemeo la benchi lisianguke nyuma, na paka wasichafue mchanga. Sanduku ni sm 120 kwa 120. Kifuniko ni mbao sita za inchi 1x8, tatu kila upande: ya kwanza, ya ukingoni mwa sanduku, haisogei, ya pili inakuwa kiti, ya tatu egemeo.

Ushauri wa bawaba ndio uliookoa kazi. Kati ya mbao ya kwanza na ya pili zinafungwa juu. Kati ya pili na tatu, chini. Jumla 12, kwa skrubu za mm 20 ili ncha zisitokeze. Fito mbili za 2x2 mgongoni mwa kila egemeo, zikipita ukingo wake wa chini kwa sm 7.5, zinagota ubavuni mwa sanduku. Egemeo linalala nyuma kidogo tu, na hata mtu mzima anaegemea.

Kilichofeli: mbao nilizibananisha mno. Mvua iliponyesha zikavimba, kifuniko kikagoma kufunguka. Nimeziranda nikaacha mwanya wa mm 5. Sasa kinafunguka vizuri, ila maji yanapenya, hivyo masika nafunika turubai. Paka hawaingii tena.