Panki yenye kompyuta, projekta na albamu ya kisa kimoja: bado ni panki?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Nazungumzia panki ya muziki, wale wa nywele mtanisamehe.

Juzi nilikwenda kutazama bendi moja ya panki ya kielektroniki, jina kapuni. Albamu yao ni kisa kimoja mwanzo hadi mwisho: watu wanaokataa kutawaliwa na mashine. Jukwaani hakuna gitaa hata moja, ni vinanda vya umeme na kompyuta, na nyuma yao ukuta mzima umejaa picha zinazotembea. Wimbo wa tatu, dada anayeimba akakanyaga waya, maikrofoni ikafa. Sauti yake haikufa. Iliendelea kutoka kwenye spika, na mdomo wake pale ukutani ukaendelea kufunguka na kufumba sawasawa na maneno, huku mwenyewe ameinama anahangaika na plagi. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Sina ugomvi na vinanda. Bendi ya Suicide ya New York, yaani Alan Vega na Martin Rev, waliandika neno panki kwenye matangazo yao mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya wengi wanaosifiwa kwa jina hilo. Mmoja alishika kinanda na mashine ya midundo, mwingine akaimba, basi. Juni 1978 walipiga Brussels wakimtangulia mwanamuziki Elvis Costello jukwaani. Ukumbi ukawazomea, Vega akapokonywa maikrofoni, onyesho likakatika kwenye dakika ya 23 hivi. Hicho ndicho ninachokitafuta mimi: kitu ambacho watazamaji wanaweza kukiharibu. Hili la juzi hata mwimbaji mwenyewe hakuweza kuliharibu.

Onyesho likishapangwa hadi pumzi, kwangu ni sinema yenye kelele. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hiyo inaitwa plebeki, umezunguka sana. Panki ni gitaa, makelele, dakika mbili, kwisha. Mengine mbwembwe.

Mchangiaji wa pili

Mleta mada, kisa chako nimekielewa, ila ulipofikia sikubaliani napo. Na wewe wa dakika mbili, sikiliza.

Mei 4, 1970 askari wa Gadi ya Taifa waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, wanne wakafa. Gerald Casale, mmoja wa waanzilishi wa bendi ya Devo, alikuwepo, na wawili kati ya marehemu aliwafahamu. Huko ndiko lilikokomaa wazo lililowabeba Devo, kwamba binadamu haendelei, anarudi nyuma. Wazo la namna hiyo hulimalizi kwa dakika mbili. Mwaka 1976 wakatengeneza filamu fupi, wakawa wanaionyesha kabla ya kupanda jukwaani, kisha wanatoka na sare za njano kama vibarua wa kiwandani, wakijongea kwa pamoja. Kila hatua imepangwa, ndiyo. Lakini kejeli yenyewe ndiyo huo mpango: hawa ni watu waliokwisha kugeuzwa mashine.

Kompyuta nayo? Bendi ya Atari Teenage Riot ya Berlin, midundo ilitoka kwenye kompyuta ya Atari, imeshaandikwa humo. Mei 1, 1999 waliipiga juu ya lori katikati ya maandamano, polisi wakawakamata. Hakuna askari aliyeuliza kama midundo ni ya laivu.

Mleta mada

Hapo kwenye lori umenishika, nakiri. Kumbe si suala la kilichorekodiwa na kisichorekodiwa.

Ila yule dada bado ananisumbua. Maikrofoni ilipozima, kwa nini hakupiga ukelele kwa koo lake tu? Albamu nzima ni ya kuikataa mashine, mashine ikamkatalia kweli mbele ya watu, naye akaendelea kutafuta plagi.

Mchangiaji wa tatu

Aliogopa kuachwa na picha, mkuu. Mimi ndiye huwa naendesha projekta kwenye maonyesho kama hayo. Kitufe cha kusimamisha kila kitu ninacho, kiko karibu na kidole gumba. Sijawahi kuambiwa na bendi yoyote ni wakati gani nikibonyeze.