Aksum isiyoanguka: hadithi hii tumwandikie nani?

Wakuu, suala hili limetugawa, acha nilianzishe waziwazi. Wapo wanaosema hadithi ya kubuni kuhusu Aksum, dola ya kale ya Uhabeshi (Ethiopia na Eritrea za leo), ambayo ndani ya hadithi haikuanguka, ina kazi moja tu: kumrudishia Mwafrika fahari. Fahari hiyo naielewa na ninayo. Bado napinga.

Aksum haihitaji kupambwa. Ilitoa sarafu zake yenyewe za dhahabu. Mfalme Ezana alipokea Ukristo karne ya 4. Mfalme Kaleb alivusha jeshi Bahari ya Shamu karne ya 6 akaupiga ufalme wa Himyar, huko Yemen. Na nani Pwani asiyemjua Najashi, mfalme wa Uhabeshi, aliyewapa hifadhi Waislamu wa mwanzo walipokimbia mateso ya Makka mnamo 615?

Lakini Ezana huyohuyo alichongesha kwenye mawe hesabu ya Wanoba, watu wa bonde la Nile, aliowaua, aliowateka, na ng'ombe aliowanyang'anya. Dola isipoanguka, hesabu ile nayo inaendelea. Kizazi baada ya kizazi, mateka wapya. Mimi ningempa mjukuu wa mateka hadithi nzima aisimulie, mwana wa mfalme apite kwa mbali tu na msafara wake.

Kingine kinachoniuma ni wepesi wa tukio linalobadilisha historia katika hadithi hizi. Mwandishi anampa mfalme ushindi mmoja vitani, basi, dola inadumu hadi leo. Aksum haikufa kwa pigo moja. Waajemi waliingia Yemen miaka ya 570, na baadaye biashara ya Bahari ya Shamu ikazidi kuiponyoka. Kwa hiyo anayetaka kuiokoa aanzie baharini, kwenye bandari ya Adulis, ambayo leo ni magofu nchini Eritrea. Meli, ushuru, pembe za ndovu: humo ndimo ilimokuwa roho yake.

Tena hapo ndipo hadithi inapotufikia sisi. Kitabu kimoja cha mabaharia cha karne ya 1, kilichoandikwa kwa Kigiriki, kinaitaja Adulis na pia Rhapta, soko la mwambao wetu. Adulis ikibaki na nguvu miaka yote hiyo, tenzi zetu tulizoziandika karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, huenda zingeandikwa kwa herufi za Kigeez, lugha ya Aksum. Hilo peke yake ni riwaya.

Anayetetea fahari anijibu hili kwanza: katika Aksum yake ya leo, shamba la mfalme linalimwa na nani?