Jenereta "isiyotumia mafuta": nibishane nao vipi?

Mkazi_Tabata: Wakuu, habari za jioni. Kuna video inazunguka WhatsApp: mota ya HP 1 inazungusha gurudumu zito, gurudumu linazungusha alterneta (mashine ya kuzalisha umeme) ya kilowati 5, umeme unarudi kuendesha mota ileile na unabaki wa kutosha nyumba nzima. Betri eti ya kuwashia tu. Majirani wanataka kuchanga wanunue. Niwajibu nini?

Waya_Gerezani: Usibishane, piga hesabu. Mota ya HP 1 inatoa wati 746 kwenye shafti, na ili izitoe inavuta kama 1,000. Mkanda unakula asilimia 5 hivi. Alterneta ndogo inakupa kama asilimia 80 ya inachopokea, kwa hiyo umebaki na wati 570 kasoro. Zipitishe kwenye chaja, betri na invata (inayogeuza umeme wa betri kuwa wa matumizi ya nyumbani), hazifiki 450. Na taa bado hujawasha.

Ile "kilowati 5" kwenye kibati ni kikomo cha mzigo ambao alterneta inaweza kuhimili. Ndoo ya lita 20 haijijazi maji yenyewe. Bila mzigo inazunguka kirahisi, ndiyo maana video zinavutia; ukichomeka pasi, alterneta inakuwa nzito kuizungusha papo hapo na mota inavuta ampea zaidi.

Mkazi_Tabata: Wanasema siri iko kwenye gurudumu.

Waya_Gerezani: Gurudumu linatunza nguvu uliyoliwekea, haliongezi. La kilo 50, kipenyo nusu mita, likizunguka mara 1,500 kwa dakika, lina kilojuli 19 tu. Pasi ya wati 1,000 inazimaliza ndani ya sekunde 20.

Mama_Sakiti: Ndugu yangu, suala hili lilishafungwa zamani. Mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Paris kiliamua kutopokea tena michoro ya mashine za kujiendesha milele, maana ilikuwa inamaliza muda na pesa za watu bure. Huo si ukaidi. Anayedai ndiye alete mashine ipimwe.

Kupima ni rahisi. Mashine iwekwe juu ya meza, kusiwe na waya unaoelekea ukutani wala sakafuni. Iwake, ichomekwe pasi. Kisha weka klampu mita (kipimo kinachobana waya na kusoma ampea zinazopita) kwenye waya mmoja wa betri. Hakikisha ni ile inayosoma DC, yaani umeme wa betri. Nyingi za bei nafuu zinapima ampea za AC (umeme wa ukutani) peke yake, zitakuonyesha sifuri na muuzaji atashangilia. Ampea zikiwa zinatoka kwenye betri, basi betri ndiyo inayofanya kazi yote.

Msikubali onyesho la nusu saa. Betri ya volti 12, Ah 200, ina kama kilowati-saa 2.4 ikijaa. Mzunguko huo ukipoteza wati 550 (1,000 zinazovutwa na mota, kutoa 450 zinazorudi), ukiongeza TV na feni, bado unaweza kwenda saa mbili na zaidi kabla ya kuzima. Iacheni usiku kucha, mlango ufungwe, funguo mkae nazo nyinyi.

Mkazi_Tabata: Nimewaambia kuhusu usiku kucha. Muuzaji anataka malipo ya awali kwanza.

Waya_Gerezani: Msitoe hata shilingi.