Nimerudi Dodoma nikiwa mke wa mtu, kwetu niende mara ngapi kwa wiki bila kumkwaza mume?

BintiVeyula

Habarini za jumapili wapendwa, naombeni mnisikilize maana hili jambo limenikaa moyoni wiki mbili sasa, kwa mama siwezi kulisema na kwa mawifi ndo kabisa.

Nina miaka 28, ndoa yetu ina mwaka wa tatu, bado hatujajaliwa mtoto. Kwetu ni Veyula hapa hapa Dodoma, ukishapita Msalato kama unaenda Makutupora. Niliondoka 2014 kwenda kusoma Dar, nikapata kazi huko huko nikakutana na mume wangu, yeye kwao ni Rombo. Mwaka jana ofisini kwao wakamhamishia Mtumba, kule kwenye mji wa serikali. Wenzake wote wakawa wanampa pole eti unaenda kula vumbi, mi nilijifungia chumbani nikalia kwa furaha. Miaka kumi nilikuwa nasema ipo siku ntarudi.

Tulikuja na treni ya SGR. Enzi naenda chuo ilikuwa kutwa nzima kwenye basi, unashuka miguu imevimba, safari hii masaa matatu na kitu tumefika. Tulipomaliza yale mahandaki ya Kilosa milima ikaanza kubaki nyuma, ardhi ikabadilika ikawa nyekundu, mibuyu imesimama mmoja mmoja haina hata jani, nikamshika mkono nikamwambia angalia, huku ndo kwetu. Akaangalia weee akasema pakavu sana. Ni kweli ni pakavu, mtu wa migombani utamwambia nini, ila mi koo lilikuwa limenikaba nikashindwa hata kumjibu.

Tumepanga Ilazo. Wakati naondoka Dodoma ilikuwa manispaa, Bunge likifungwa tu mji unapoa, hata chakula mahotelini kinashuka bei. Serikali ikaanza kuhamia 2016, 2018 tukaambiwa ni jiji, sasa hivi huu upande tunaokaa mi nakumbuka vichaka na njia ya ng'ombe, leo ni mageti na maghorofa, umebaki mbuyu mmoja katikati ya nyumba za watu. Najikuta namuuliza njia bodaboda aliyekuja juzi kutoka Kahama, na mimi ndo mwenyeji.

Labda ndo maana naikimbilia Veyula. Baba alishafariki, mama anakaa peke yake na nusu eka yake ya zabibu na magoti yanamsumbua. Mimi nina fremu ya kushona pale Majengo, saa kumi nikifunga badala ya kurudi Ilazo nilikuwa napanda gari za Veyula. Karibu kila siku jamani, sifichi. Nafika namkuta anatwanga mlenda mkavu, ule unga wa kijani umemjaa mpaka kwenye kope, akiniona anasogeza kigoda kwa mguu bila kuacha kutwanga. Hasemi karibu. Anasogeza tu kigoda. Tunapika ugali wa uwele, mlenda tunautia karanga na magadi kidogo, tunakula bakuli moja, namchotea maji namjazia ndoo zote, kuja kushtuka saa mbili.

Sasa siku moja mume karudi mapema kutoka Mtumba, mimi sipo, jikoni hakuna kitu na simu yangu imekata chaji. Nimefika saa tatu usiku na hotpoti yangu ya mlenda mkononi nikamkuta kakaa sebuleni na viatu hajavua. Hakunigombeza. Aliniuliza hivi, "Tumehamia Dodoma, au wewe umerudi kwenu?" Kisha akaenda kulala.

Toka hapo naenda jumamosi tu. Lakini ikifika saa kumi na mbili nawaza mama sahivi anabeba ndoo na yale magoti. Na yeye ameshaanza kuniuliza, mumeo amekukataza? Nikimwambia hapana haamini. Mlioolewa mkakaa mji mmoja na wazazi wenu mnafanyaje? Nisaidieni, nawapenda wote wawili na naona nawaumiza wote wawili.

MamaWawili_Kondoa

Pole mdogo wangu. Mimi ni Mrangi, nipo hapa mjini mwaka wa 14 na kwetu Kondoa ni karibu tu kwahiyo hilo nimelipitia, na nilikosea zaidi yako maana mimi nilikuwa nalala huko huko.

Shida hapo sio mara ngapi, ni muda gani. Saa kumi mpaka saa tatu usiku ndo muda ambao mwanaume anarudi anataka kumuona mtu wake. Wewe una fremu yako, wewe ndo bosi, kwanini usiende asubuhi? Panda gari la kwanza, mchotee maji, mpikie uji, saa nne uko Majengo unafungua. Jioni mume akukute. Na useme mapema, "kesho naanzia kwa mama", asiwe anagundua kwa kukuta mlango umefungwa, hicho ndo kinaumiza.

Halafu umfikirie na yeye. Wewe ukitoka hapo unakutana na shangazi sokoni, unakutana na mliosoma nao, yeye Dodoma nzima hana hata binamu. Akirudi nyumba tupu ni tupu kweli kweli. Jumapili moja moja tokeni nyie wawili, sio kwa mama wala kwa nani. Njooni hata Kolo kwetu muone michoro ya miambani, ile ambayo UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 2006, watu wanatoka Ulaya kuja kuiona na sie tunapita tu barabarani. Si ndo njia yenu hiyo hiyo ya disemba mkienda Rombo, Kondoa Babati Arusha, lami mwanzo mwisho. Mkifika pale shukeni mpande mlima mkiwa mmeshikana mikono.

Bint_Pangani

Naomba nitofautiane kidogo na dada yangu hapo juu, kwa heshima zote.

Mimi nimehamia hapa kumfuata mume, kwetu Pangani. Nilikuwa namuona mama mara mbili kwa mwaka, na kila nikienda naambiwa siku mbili tatu rudi, watoto shule, mume anakula nini. Nikawa namwambia mama likizo ijayo ntakaa wiki mbili. Mwaka juzi nimepigiwa simu alfajiri, nikatoka hapa muda huo huo, nimefika wameshamzika. Khanga yake ilikuwa bado inaning'inia kwenye kamba uani, mbichi, ameifua jana yake jioni. Niliishika ile khanga mpaka ikakaukia mikononi.

Kwahiyo mtu akiniuliza niende kwa mama mara ngapi mi jibu langu ni nenda. Nenda kila siku kama unaweza. Una mama wa kufikika kwa daladala, anasogeza kigoda kwa mguu, hiyo nimeisoma nikalia. Mume muelezee, mbembeleze, akae aelewe, ila usije ukamwacha mama anabeba ndoo ili mtu mzima asikute nyumba tupu. Mtafutie hata binti wa kumsaidia maji, sawa, ila binti sio wewe.

MamaWawili_Kondoa

Pole sana Bint Pangani, Mungu amrehemu mama. Kwa hilo sina la kukubishia.

Kaka_Kisasa

Niongee upande wa wanaume, samahani nitakuwa mrefu.

Mimi Mnyiramba wa Kiomboi, mke wangu Mgogo wa Mvumi, tunakaa Kisasa. Swali langu kwako dada, huyo shemeji akija Veyula anakaa wapi? Nakuuliza hivyo kwasababu najua jibu. Anawekewa kiti cha peke yake, kile kizuri chenye kitambaa, chini ya mti au sebuleni. Analetewa soda. Mama mkwe anamsalimia kwa mbali anapotea zake jikoni, watoto wanaambiwa msipige kelele mgeni yupo. Na wewe mke wake unapotelea huko huko jikoni, anabaki anasikia mnacheka kwa Kigogo na yeye anachojua ni ile salamu ya Mbukwenyi tu. Lisaa limoja ni refu kama nini. Sio kwamba wanakuchukia, wanakuheshimu mno, mkwe kwa Wagogo ni mtu wa kuogopwa. Lakini sisi kwenye kile kiti tunakuwa wapweke jamani.

Mimi miaka miwili nilikuwa nasema mke wangu anapenda kwao kuliko kwangu. Sikuwa na wivu na mama yake, nilikuwa sina pa kushika pale kwao. Kilichonitoa ni banda la mbuzi, upepo wa mwezi wa saba uliezua bati nikapanda juu kulipigilia na mzee akawa ananipasia misumari. Toka siku hiyo mimi ndo namwambia wife twende Mvumi.

Huyo mume wako ametoka kwenye kihamba, shamba la ukoo la Wachaga, mtu wa Rombo mkono wake unawasha kushika panga. Umeshawahi kumpeleka kwenye zile zabibu?

Msafiri_Nala

Naongezea kitu kimoja tu. Mumeo ofisi iko Mtumba, mama yuko Veyula, ile barabara ya mzunguko, ile ya kilomita 112, si inapita Nala, Veyula inaenda Mtumba? Kama ana usafiri hana haja ya kuingia mjini, anatokea ofisini anakuja kukuchukua kwa mama mnarudi wote Ilazo. Hata mara moja kwa wiki.

BintiVeyula

Nimesoma zote, nyingine nimezirudia mara mbili. Bint Pangani nakushika mkono dada yangu, sina neno.

Kaka Kisasa umenishtua. Nilikuwa sijawahi kuwaza anakaa wapi. Ni kweli ana kiti chake, cha mbao, mama anakifunika na kitambaa alichofuma mwenyewe na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukikalia. Na ni kweli namuachaga pale nakimbilia jikoni. Mi nilikuwa naona tunampa heshima. Zabibu hajawahi kuzishika, anaziona kwa mbali tu. Ntaongea naye leo.

BintiVeyula

Narudi kuwapa mrejesho kama nilivyoahidi inbox kwa baadhi yenu, wiki tatu zimepita.

Nilimuomba msamaha kwanza, kwa ile siku na kwa siku zilizotangulia. Akaniambia kilichomuuma sio chakula, ni kwamba nikiwa Veyula nakuwa mtu mwingine ambaye yeye hamjui, nacheka kicheko ambacho Ilazo hajawahi kukisikia. Tuliongea mpaka usiku wa manane.

Siku za kazi naenda asubuhi mara tatu, nimefuata la dada wa Kondoa. Maji tumempata kijana wa jirani anayaleta na mkokoteni. Na jumamosi tunaenda wote.

Jumamosi ya kwanza kazi ilikuwa kupogolea, na wanaolima wanajua zabibu usipozipogolea kwa wakati hupati mavuno mawili kwa mwaka. Toka baba afariki mama alikuwa anaomba omba vijana, wengine wanakata ovyo wanaondoka. Mume akavua shati akaingia shambani. Kwao ni migomba na kahawa, hajui zabibu, akawa anashika tawi anasita. Mama kasimama mstari wa pili, hawezi kumwambia mkwe moja kwa moja, basi ananiambia mimi kwa Kigogo, "mwambie mkwe ahesabu macho mawili ya tawi, akate juu ya la pili". Namwambia, anakata. "Mwambie asikate wima, alaze mkasi." Namwambia, analaza. Tukaenda hivyo mistari minne, mi nipo katikati yao natafsiri, jua linawaka. Mstari wa tano mama akasahau. Mume kashika tawi ambalo sio, mama akapaza sauti kwa Kiswahili, "Hapana baba, hilo la mwaka jana, liache!" Wote watatu tukanyamaza. Mume akaitikia, "Sawa mama." Wakaendelea wenyewe, mi nikaenda kupika.

Alikula ugali wa uwele mara ya kwanza akamaliza. Mlenda bado, anasema unateleza kabla hajauonja, tusimlazimishe.

Sasa nina swali lingine. Anatumia mkasi wa marehemu baba, wa mpini mwekundu, umeisha makali na spring inaruka ruka, vidole vyote malengelenge. Nimemwambia tununue mpya anakataa, anasema huo huo, unoleshwe. Hapa mjini nani anajua kunoa mkasi wa kupogolea vizuri bila kuuharibu? Nimeuliza Majengo, wale wanaonoa visu sijawaamini. Kuna mtu aliniambia Sabasaba yupo mzee mmoja, anayemjua anielekeze anapokaa upande gani, jumamosi kuna mistari sita imebaki.