Ameosha raba kwa maji yetu ya kunywa katikati ya jangwa la Chalbi, Kenya, na leo anadai arudishiwe mchango!

Chuma cha Longido (mleta uzi)

Wakuu, nina hasira mpaka simu inaniteleza mkononi. Jina simtaji, mnamjua wote. Kama umewahi kuchangia safari yoyote ya porini kutoka Arusha, umeshapanda naye gari moja. Yule wa begi la magurudumu. Begi la magurudumu, jangwani!

Usiku huu, vumbi la safari bado halijatutoka masikioni, ameandika kwenye grupu, na wazee wetu wamo humo wanasoma, kwamba anaomba arudishiwe mchango wake kwa kuwa "usafiri haukuwa na hadhi". Hadhi! Mtu aliyeosha raba kwa maji ya kunywa ananifundisha mimi hadhi!

Ngoja niwape kisa. Namanga, Nairobi, Nanyuki, Isiolo, lami tupu mpaka Marsabit, na Land Rover yangu 109 ikavuta bila neno. Chuma kile ni Series III, kimewazidi umri karibu wote waliokuwemo. Kabla ya kuondoka kilishushwa hedi, kikawekwa gasketi mpya, kikaongezwa majani ya springi nyuma. Na hesabu ya maji niliitamka kwa sauti pale Marsabit, kila mtu akiwepo: lita 5 kwa kichwa kwa siku, za kunywa tu, na dumu moja pembeni la rejeta. Yeye alikuwa anatafuta pa kuchajia simu.

Kutoka Marsabit kwenda Maikona unapita mawe meusi ya volkano yanayotafuna matairi, halafu Chalbi inafunguka. Kwa asiyeijua, lile lilikuwa ziwa, likakauka zamani za kale, sasa ni sakafu ya udongo na chumvi, nyeupe mpaka macho yanauma. Mchana mazigazi yanakuchezea, unaliona ziwa mbele na hakuna hata tone. Juu ni ganda gumu, lakini kuna sehemu ukilivunja unakutana na tope. Nikapunguza upepo wa matairi, nikabonyeza kitufe cha njano ili ya mbele nayo yavute, tukaenda vizuri kabisa.

Basi feni belti ikakatika. Upepo unatupiga kwa nyuma, jua la utosi, mzigo mzito, gari likachemsha. Hilo si ajabu, belti ni mpira! Unageuza pua ielekee upepo, unazima, unafungua boneti, unasubiri. Kifuniko cha rejeta hukigusi mpaka kipoe. Unafunga belti ya akiba, unajaza maji, unaondoka. Nilikuwa nayo belti ya akiba. Nilikuwa nayo kila kitu.

Nipo uvunguni naitafuta spana iliyoniponyoka, nasikia maji yanamwagika. Moyo ukanipasuka, nikajua hose imeachia. Nikachungulia.

Kakaa kwenye kiti cha kukunja. Dumu la mwisho la kunywa kaliinamisha kwa goti. Anaosha raba. Raba nyeupe. Kwa sabuni. Kwa mswaki, wakuu! Mswaki wa meno!

Nikamwambia, "Ndugu yangu, unafanya nini?" Akanijibu bila kuinua uso: "Tope la chumvi likikaukia kwenye raba halitoki tena, kaka."

Halitoki tena! Midomo ya watu imepasuka, dada mmoja alikuwa ananyonya kipande cha limao, na huyu anaogopa madoa. Alisuuza mara mbili. MARA MBILI. Na kamba zake akazitoa akaziosha peke yake.

Tukabaki na dumu la rejeta. Tukilinywa, gari halitoki. Tukilimimina kwenye rejeta, tunatoka na ndimi zimekauka. Maji ya kuokota kule ni chumvi, ukiyatia kwenye injini unaiua taratibu kwa kutu. Akatokea kijana wa Kigabra na ngamia wake, akatupa maji yake mwenyewe, hakuuliza hata tunatoka wapi. Na wa kwanza kunyoosha kikombe alikuwa nani? Miguu imeshavaa raba safi!

Kisha akapanda kwenye spea taya juu ya boneti ya gari hilohilo lisilo na hadhi, akapiga picha. Ndiyo picha aliyoweka kwenye wasifu wake sasa hivi. Raba ziko mbele.

Semeni wenyewe. Mtu huyu arudishiwe nini?

Mpishi wa Kambi

Nimesoma mpaka kwenye mswaki nikaweka simu chini nikatoka nje kupunga hewa.

Koleo la Mchanga

Namjua! Tulikuwa naye Ziwa Natron. Alikuja na feni ya betri. Usiku tumelala nje kwa joto, yeye kajifungia na feni, asubuhi anatuuliza kwa nini tumevimba macho.

Mtu wa Sakina

Mleta uzi pole, lakini 109 kwenye Chalbi mwaka huu? Ulikuwa unawapeleka watu kutalii au kwenye makumbusho?

Chuma cha Longido

@Mtu wa Sakina soma uzi kabla ya kujibu. Gari lilifika na likarudi kwa nguvu zake. Tatizo ni RABA. Maji ya kunywa yameoshea RABA.

Binti Kijenge

Maswali mawili. Dumu la kunywa lilikuwa wapi mpaka akalifikia? Na je, raba zilitakata?

Chuma cha Longido

Zilitakata sana, dada yangu, na ndiyo inayoniuma! Zinang'aa kwenye picha!

Difu ya Nyuma

Hahaha "kwa mswaki". Mkuu, hapo ulipaswa kumwacha na kiti chake. Angejenga duka la viatu palepale.

Mtu wa Sakina

Narudia, Land Cruiser yenye 1HZ isingechemsha. Ile injini lita 4.2, inanguruma tu, haina habari na jua. Nyie watu wa Land Rover mnaabudu bati.

Fundi Asiyelipwa

@Mtu wa Sakina bati gani? Bodi la 109 ni aluminiamu, halili kutu. Land Rover zimeanza kutoka 1948, babu zetu wamezipanda, mpaka leo ziko Simanjiro zinabeba maziwa. Wewe hizo Cruiser zako pwani milango inabaki mkononi.

Mtu wa Sakina

Bodi halili kutu, na chesisi je? Chesisi ni chuma. Mwambie na hilo. Umeona wapi mtu ana chesisi iliyooza anajisifia mlango?

Fundi Asiyelipwa

Chesisi unachomelea. Kwa jioni moja, chini ya mwembe. Jaribu kufanya hivyo na magari yenu ya kompyuta.

Mtu wa Sakina

1HZ ina kompyuta gani wewe?? Ile ni pampu ya mkono wa fundi tu! Unabishana kitu hukijui!

Chuma cha Longido

Jamani, ndugu zangu. Raba. Dumu la mwisho. Sabuni.

Mpishi wa Kambi

Mimi kwangu raba ni nafuu. Mnajua nini kinaudhi kwenye safari hizi? Mtu anayesema "mimi usiku huwa sili", halafu saa nane unasikia mfuniko wa sufuria. Nimepika wali wa watu wote wa asubuhi, nimeufunika vizuri, nimeuwekea jiwe juu. Asubuhi jiwe lipo, mfuniko upo, wali hakuna. Jiwe KALIRUDISHA. Mtu ana roho ya kula viporo vya watu gizani na bado anakumbuka kurudisha jiwe!

Koleo la Mchanga

Huyo ni wizi wenye mipango. Hata fisi hakurudishii jiwe.

Binti Kijenge

Na wa spika je? Umefika mahali hakuna hata mlio wa bodaboda, nyota zimejaa mpaka chini, unataka kusikiliza upepo. Mtu anawasha spika. Anaweka nyimbo za harusi. Saa sita usiku!

Mwana wa Maikona

Habari zenu ndugu zetu wa TZ. Mimi ni wa huku Marsabit, nimetumiwa huu uzi na rafiki. Poleni na hiyo stori ya raba, lakini acheni na mimi niseme langu maana nimechoka. Nyinyi wageni mnapenda sana kuja kupiga picha Chalbi. Karibuni. Lakini mkifika Kalacha kwa chemchemi, hayo maji ni ya watu na mifugo. Ngamia anatembea siku nyingi kufika hapo. Mtu anaingia na sabuni anaoga ndani kabisa, anaosha na gari! Tukiongea tunaambiwa "tumelipa kambi". Umelipa kambi, hukununua kisima. Halafu mnachora magurudumu kila mahali kwa chumvi, mnazunguka-zunguka mkichukua video, na mvua ikinyesha hapo pote panakuwa tope. Gari ikikwama ni vijana wetu wanaamshwa usiku kuwavuta.

Difu ya Nyuma

@Mwana wa Maikona hii ndiyo hoja ya maana humu tangu uzi uanze. Kuoshea gari kwenye chemchemi? Watu hawana haya.

Mpishi wa Kambi

Mwenyeji wetu, na yule kijana aliyetoa maji yake alilipwa?

Chuma cha Longido

Alikataa pesa. Tukampa sukari, majani ya chai na unga, akapokea. Na mniamini, yule wa raba alisema sukari tunampa nyingi mno! Baada ya kunywa maji yake! Huku raba zinanukia sabuni!

Mwana wa Maikona

Sukari na majani mlifanya vizuri. Wakati mwingine mchukueni mtu wa hapa awaonyeshe njia, anajua penye ganda linabeba na penye halibebi. Kwa macho tu huwezi kujua.

Mtu wa Sakina

Hata mwenyeji atawaambia huko wanatumia Cruiser.

Mwana wa Maikona

Huku tunatumia ngamia, bro.

Fundi Asiyelipwa

HAHAHAHA @Mtu wa Sakina nenda kalale.

Koleo la Mchanga

Turudi kwa wachangiaji wabovu. Kuna yule anayechanga mafuta ya kwenda tu. Mkianza kurudi anakwambia "mimi mchango wangu ulishaisha". Umeisha vipi na wewe bado umekaa ndani ya gari?

Binti Kijenge

Namjua. Na dirisha anataka yeye.

Koleo la Mchanga

Na akishuka kusukuma anaweka mikono tu kwenye bodi, hasukumi. Anaguna kuliko wote.

Chuma cha Longido

Wakuu, kwa hiyo arudishiwe mchango au asirudishiwe? Mweka hazina anasubiri jibu langu. Ameshaandika tena kwenye grupu, sasa anadai na hela ya sabuni, eti ilikuwa yake na mimi niliitupa.

Mpishi wa Kambi

Subiri kwanza, tunamalizia huyu wa kuguna.

Difu ya Nyuma

Swali nje ya mada, mnisamehe. Kuna mtu ana zile bati za mchanga zenye matundu, za chuma, zile zilizokuwa zinatandikwa kwenye viwanja vya ndege vya muda wakati wa Vita vya Pili? Naona zinazouzwa siku hizi ni za plastiki.

Fundi Asiyelipwa

Kuna mzee Tengeru amezifanya lango la ng'ombe. Anauza, ila lazima umtafutie lango lingine kwanza. Ni nzito, moja inabebwa na watu wawili wa kweli, si hao wa kuguna.

Difu ya Nyuma

Ana ngapi?

Fundi Asiyelipwa

Nne. Mbili zimepinda.

Mtu wa Sakina

Zilizopinda nazichukua mimi. Nataka kuziwekea kwenye Cruiser.