Fundi mitambo wa Moshi, mnamjua: "Si unaviona vidole vyako?"

Kinanda_Chuga:

Wakuu, sijalala. Saa kumi alfajiri, nimeingia Sakina, Arusha, sasa hivi, kinanda bado kiko kwenye buti na suti bado iko mwilini. Nikisubiri kukuche hasira zitapoa na sitaandika tena, kwa hiyo niacheni niseme.

Harusi ilikuwa Moshi. Jina simtaji. Mnamjua. Yule fundi mitambo anayevaa miwani ya jua ukumbini usiku, anayepima maiki kwa "alo, tu, tu" kuanzia mchana mpaka keki inakatwa. Kama umewahi kubeba kinanda popote kati ya Himo na Ngaramtoni, huyu mtu ana deni lako.

Nilifika saa nane mchana. Nikamsalimia vizuri, nikamwulizia spika yangu ya kujisikilizia, "Kaka, monita yangu iko wapi?" Akasema iko njiani. Saa kumi iko njiani. Saa kumi na mbili iko njiani. Mpaka nikajiuliza hiyo monita inatoka Moshi hii hii au inashushwa Tanga kwa meli.

Saa mbili usiku nikaiona. Ilikuwa pembeni ya miksa yake, imelazwa, juu yake sahani ya pilau, soda mbili na nusu kuku. Spika nzima ya inchi 12, ile ya kulazwa chini impigie mwanamuziki usoni, imegeuzwa meza ya chakula! Nikamwonyesha kwa kidole: hiyo hapo, niletee. Akashika maiki. MAIKI, wakuu. Hakunifuata, hakuniita pembeni kama watu wazima. Ukumbi umejaa watu kama mia nne, wazazi wa pande zote mbili wameshakaa, yeye anasema kwenye maiki:

"Mpiga kinanda, monita ya nini? Si unaviona vidole vyako?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kuna mzee meza ya mbele alicheka mpaka akapigwapigwa mgongo. MC, badala ya kunisitiri, akarudia: "Anaviona! Anaviona!" Si unaviona vidole vyako. Mimi nina miaka kumi na tatu kwenye hii kazi.

Sasa kwa wasiojua: nimekaa nyuma ya spika kubwa. Sauti za juu zinakwenda mbele kama mwanga wa tochi, huku nyuma unaachiwa besi tu, inazunguka kama nzi. Kinachonirudia ni mwangwi wa ukuta wa mwisho, na ule ukumbi ni kama mita 30. Sauti inatembea mita 340 hivi kwa sekunde, kwenda na kurudi ni mita 60, hesabu mwenyewe. Kama sehemu ya sita ya sekunde. Napiga leo, nasikia kesho.

Na hapo ndipo aibu yenyewe ilipotokea. Wimbo uliotangulia nilikuwa nimepandisha transpozi, kile kitufe cha kupandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima, nusu toni kwa ajili ya mwimbaji, na sikuirudisha. Maharusi wanaingia, kwaya imeanza kwenye F, mimi naingia kwa mbwembwe zote kwenye F na nusu. Sisikii! Naona watu wamekunja sura, nikadhani wameguswa, nikaongeza manjonjo. Mama wa bibi harusi aliniangalia kama mweka hazina aliyekula michango.

Vidole nilikuwa naviona. Vilikuwa mahali sahihi kabisa. Kutoka Bomang'ombe mpaka nyumbani nimekuwa nikiviangalia kwenye usukani.

mangi_wa_kibosho:

Uzi bila picha ya pilau. Narudi baadaye.

Besi Nzito:

Kwa hiyo ulisahau transpozi, ukatafuta wa kumbebesha. Chalii, kwenye kioo cha kinanda imeandikwa +1, kubwa tu. Si ulikuwa unaviona vidole? Ungepandisha macho kidogo.

Kinanda_Chuga:

Kuna taa za disko zinanipiga usoni, mashine ya moshi inatapika, wewe unaniambia nisome kioo. Sikio ndilo linalokuambia uko nje, mkuu, si jicho. Ndiyo maana ya monita.

Mchaichai:

Swali la kijinga: vinanda vya hivyo si vina spika zake ndani?

Kinanda_Chuga:

Changu kina wati 15 kila upande. Mbele ya sabufa za inchi 18 na mpiga dramu aliyeshiba. Ni kumnong'oneza mtu kwenye mashine ya kusaga.

Mzee wa Njiro:

Mdogo wangu, pole, lakini kosa la kwanza ni lako. Tangu lini mpiga kinanda anategemea monita ya mtu mwingine? Nunua yako. Spika moja yenye ampu ndani, inchi 10 au 12, unaingia nayo mlangoni kama mganga na mkoba wake. Kinanda kinaingia kwanza kwako, halafu unampa fundi waya wake kupitia kiboksi cha DI, kile cha kupeleka sauti ya kinanda safi kwenye miksa yake. Akikasirika, wewe bado unajisikia.

Na usikimbilie ya inchi 15 eti kwa sababu ni kubwa. Karibu na magoti yako inakupa mvumo, sauti ya piano inazama. Wati nazo zisikutishe: ukizidisha wati mara mbili umepata desibeli 3 tu. Isogeze spika nusu ya umbali uliokuwepo, unapata kama 6 za bure, hasa ukiwa nje kwenye turubai. Watu wanauza ng'ombe kununua wati wakati dawa ni kuvuta spika hatua mbili.

Ampu ya gitaa kataa kabisa. Spika yake haifiki mbali kwenye sauti za juu, na gitaa lenyewe linaanzia kama hezi 82. Piano ya vitufe 88 inashuka mpaka 27.5. Ukichomeka humo, filimbi na vinubi vyote vinatoka kama vimefunikwa blanketi la Kimasai.

Halafu niambie: alichomeka tundu gani nyuma ya kinanda?

Kinanda_Chuga:

Shikamoo mzee. Waya mmoja tu, kwenye R, la kulia.

Mzee wa Njiro:

Marahaba. Basi mlikuwa wajinga wawili. Ukiwa na waya mmoja unachomeka pale palipoandikwa L/L+R, ndipo kinanda kinakusanya pande zote mbili. R peke yake ni nusu ya mzigo. Hata wageni hawakukusikia vizuri, shukuru Mungu.

Besi Nzito:

Hahaha! Kumbe fundi alikuwa anakusitiri!

Kaa_Kimya:

Mimi simfahamu huyo fundi wala sikuwepo, ila mnamwonea. Kinanda kikiwekwa kwenye monita kinaleta fidibaki.

Kinanda_Chuga:

Fidibaki inatoka kwenye MAIKI! Maiki inasikia spika, spika inapiga tena ilichosikia maiki, ndipo inapiga mluzi. Kinanda kimeingia kwa waya. Kitasikia nini, kina masikio?

Kaa_Kimya:

Maiki nne za kwaya zilikuwa hatua mbili kutoka kwako, na kwaya nayo inataka kujisikia humo humo. Wewe ukishapewa monita hutosheki, kila dakika "ongeza, ongeza". Na hata hivyo jeki ya ile monita ilikuwa imekatika toka Ijumaa, ingekoroma tu.

DadaSoprano:

Mkuu, hukuwepo, jeki umeijuaje?

Kaa_Kimya:

Nazungumza kwa ujumla.

Ngoma_Pasua:

Nyie wa vinanda mnadeka. Mimi napiga dramu. Harusi ya Usa River mwezi uliopita mpambaji alinijengea ukuta wa maua mbele, eti dramu zinaharibu rangi za shughuli. Rangi ilikuwa zambarau, dramu zangu nyekundu. Nimepiga saa tano bila kumwona mtu. Bibi harusi nilimwona kwenye video wiki iliyofuata. Monita? Mimi niliomba dirisha.

DadaSoprano:

Mwacheni kwanza na mimi niseme langu. Wapiga vinanda mnaopandisha transpozi katikati ya wimbo bila kutuambia, Mungu anawaona. Tumeimba kipaimara fulani, jamaa kapandisha mara tatu, beti ya nne nilikuwa nawasiliana na mbwa tu. Nilipomfuata akasema "nilitaka kunogesha".

Besi Nzito:

Soprano kwa kawaida mnawasiliana na mbwa, transpozi isisingiziwe.

DadaSoprano:

Wewe na besi yako ya kukohoa nyamaza.

mangi_wa_kibosho:

Nimerudi. Picha ya pilau bado. Ila mnaosema mafundi, hamjakutana na ma-MC. Kuna mmoja huku kwetu anasimama mbele ya monita saa zote, analamba sauti yote kwa tumbo, halafu anasema "wanamuziki wetu mbona wamepoa?"

Ngoma_Pasua:

Huyo namjua! Suti ya kijani!

mangi_wa_kibosho:

Yeye yeye! Na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, anakata yeye. Baba mzazi yupo, wajomba wapo, yeye kashika kisu.

Mchaichai:

Kwani ndafu nani anatakiwa kukata? Naomba kueleweshwa, mimi ni mgeni, nimeolea huku.

Mzee wa Njiro:

Umeolea wapi? Machame na Marangu usiwaulize swali moja, utapata majibu mawili na ugomvi mmoja.

Ngoma_Pasua:

Sisi wanamuziki hatujui hata ndafu ina ladha gani. Tunaletewa boksi saa sita usiku, wali umeganda, mfupa mmoja. Fundi mitambo ndiye anayekula kwanza, sijui anawapa nini kamati.

Kinanda_Chuga:

Jamani, turudi kwenye mada. Aliniambia kwenye MAIKI. Mbele ya watu mia nne. Si unaviona vi

Kinanda_Chuga:

Samahani, simu imejituma yenyewe. Vidole vyako.

Besi Nzito:

Na kwenye simu huvioni?

Mchaichai:

Jamani hilo pilau alilokuwa analila fundi, alipika nani? Nina shughuli Marangu Desemba, kipaimara cha mtoto wa shemeji, natafuta mpishi wa watu mia mbili.

mangi_wa_kibosho:

Swali zuri. Na mimi nasubiri jibu.

Kaa_Kimya:

Ni mama mmoja wa Majengo, ntakutumia namba pembeni. Pilau lilikosa chumvi kidogo ila kuku alikuwa laini sana.