Mzee akiingia makazi ya wazee, mikorosho yake inabaki ya nani?

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naomba tujadili hili.

Mjomba wangu alipelekwa makazi ya wazee baada ya macho kupotea. Mikorosho yake iko Newala. Msimu ulipofika ndugu zangu walipeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, malipo yakaingia akaunti ya mmoja wao. Mjomba hakupata hata ya sabuni. Nilipouliza nikajibiwa: "Si analishwa na serikali?"

Mimi ni mpwa, urithi wa ujomba, yaani mpwa kumrithi mjomba, naujua. Lakini mtu harithiwi akiwa hai! Ibara ya 24 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, haikusema mpaka umri gani.

Kwenye matunzo ndiko kugumu. Ibara ya 11 inataja haki ya kusaidiwa na jamii wakati wa uzee, ila ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayatekelezwi na mahakama yoyote. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ni nzuri, lakini mzee aliyefungiwa asitoke hawezi kwenda nayo kortini. Zanzibar wametunga Sheria ya Mambo ya Wazee mwaka 2020. Bara tunangoja nini?

Mchangiaji, Nachingwea: Shikamoo kaka. Mimi naogopa hiyo sheria. Kwetu mzee analelewa na ukoo, makazi ni ya asiye na mtu. Mkiyapamba, vijana watapeleka wazazi kama wanavyopeleka watoto bweni.

Mleta mada: Marahaba dada. Hata sera inasema familia kwanza, makazi yawe hatua ya mwisho. Ila huyo asiye na mtu ndiye hana wa kumsemea, na mjomba wangu ukoo anao, tena mkubwa. Ninachotaka: mzee aulizwe mwenyewe kabla ya kuingizwa, akitaka kutoka atoke, na malalamiko yake yasipokelewe na yule yule anayeendesha makazi. Hili la mwisho kwangu ndilo zito. Nani atamshitaki anayempakulia chakula?

Mchangiaji, Masasi: Naunga mkono, lakini kuulizwa kivipi? Bibi yetu aliwekeshwa dole gumba kwenye karatasi ambayo hakuna aliyemsomea. Mpaka leo anadhani alisaini ya matibabu.